Kabla Hujatuma Hiyo Hamsini: Hesabu ya Odi, Mkeka na Pesa Yako

Kila Jumamosi alasiri, kabla mechi za Uingereza hazijaanza, maskani nyingi za Kiembeni huwa na mazungumzo ya aina moja. Nani ana majeruhi, nani yuko nyumbani, nani amekwisha kabisa msimu huu. Halafu simu zinatolewa, hamsini inatumwa hapa, mia pale, na watu wanakaa kungoja. Na swali linalorudi kila wiki ni lile lile: nifanye nini ili nafasi yangu ya kushinda iongezeke?

Tutalijibu kwa hesabu, si kwa mahubiri. Kubeti kwenye kampuni yenye leseni ni halali Kenya kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Kwa Muislamu ni haramu, na majirani wengi hapa hawaigusi kabisa, kwa hivyo somo hili halimshawishi yeyote aanze. Ni la yule ambaye tayari anatuma, na angependa kujua hiyo pesa inaenda wapi.

Jibu fupi tulitoe mapema. Vitu unavyoweza kubadilisha ni vitatu: bei unayonunulia, idadi ya mechi kwenye mkeka, na mara ngapi unatuma. Kujua mpira kunasaidia pia, lakini kidogo kuliko tunavyodhani. Mtu anaweza kuujua mpira vizuri sana na bado akafilisika kwa sababu ya hayo matatu.

Odi ni bei

Wengi huisoma odi kama utabiri wa kampuni. Odi ndogo, basi timu itashinda. Odi kubwa, basi itafungwa. Hebu isome kama bei. Ukienda Kongowea kununua nyanya, muuzaji anakwambia ni shilingi ngapi, na ndani ya bei hiyo ameshaweka faida yake. Odi ni hivyo hivyo.

Chukua mfano huu, namba tumezitunga ili hesabu iwe rahisi. Bandari wako nyumbani, Mbaraki. Kampuni imetoa odi 2.10 Bandari washinde, 3.30 iwe sare, 3.40 wageni washinde. Sasa jiulize: ukitaka kurudishiwa shilingi 1,000 hata matokeo yawe yapi, utaweka ngapi jumla? Gawanya 1,000 kwa kila odi. Kwa Bandari utaweka 476, kwa sare 303, kwa wageni 294. Jumla ni 1,073. Yaani unatoa 1,073 ili upewe 1,000 ya uhakika. Hizo 73 ndizo faida ya duka, na zimo ndani ya bei kabla refa hajapuliza kipenga.

Ukiigeuza hesabu hiyo, kila shilingi 100 inayowekwa kwenye mechi ya bei kama hii huwarudia wachezaji kama shilingi 93, kwa wastani. Leo mmoja amepata nyingi, mwingine amekosa zote, lakini wote kwa jumla wamerudishiwa 93.

Jaribu mwenyewe na mechi yoyote ya wikendi hii. Gawanya 100 kwa kila odi ya matokeo matatu, kisha ujumlishe. Ukipata 104, hilo ni duka nafuu. Ukipata 110, unauziwa ghali. Kikokotoo cha simu kinatosha, na ni kazi ya dakika moja. Utagundua pia kwamba mechi kubwa za Ligi Kuu ya Uingereza mara nyingi huuzwa nafuu kuliko mechi za ligi ndogo ndogo ambazo hujawahi hata kuzisikia, zile za usiku wa manane.

Kugawanya huko kuna faida ya pili. Mia gawanya kwa 2.10 ni karibu 48. Maana yake, ukinunua odi ya 2.10 lazima ushinde mara 48 katika kila 100 ili usipoteze wala usipate. Swali basi si "Bandari watashinda?" Swali ni "Je, wangecheza mechi hii mara mia, wangeshinda zaidi ya mara 48?" Kama huna jibu, bei hiyo huwezi kujua kama ni nzuri au mbaya.

Na hapo ndipo zile odi za "uhakika" zinapowachoma watu. Odi ya 1.20 inaonekana salama. Lakini ukiweka mia unapata ishirini tu juu. Ukishinda tano mfululizo una faida ya mia, na ukifungwa ya sita imekwenda yote. Odi ya 1.20 inakudai ushinde mara 83 katika 100 ili tu ubaki ulipokuwa. Timu kubwa hufungwa na timu ndogo kuliko unavyokumbuka, kwa sababu ile ya kushinda tatu bila haikai akilini.

Mkeka mrefu unanunua faida ya duka mara nyingi

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotelea, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Mkeka unapendwa kwa sababu unaweka hamsini na kuona elfu kadhaa. Kuna ubaya gani, ni hamsini tu? Ubaya ni kwamba unapounganisha mechi, odi zinazidishana, na faida ya duka nayo inazidishana. Mechi moja inarudisha 93 kwa mia. Unganisha mechi tano za bei kama hiyo, inarudi kama 70. Unganisha kumi, inarudi kama 49. Bado hatujagusa kodi.

Tuweke kwa picha nyingine. Umechagua mechi kumi, kila moja odi 1.50, timu kubwa zote. Odi ya jumla inafika 57 na ushei, kwa hivyo hamsini yako inaweza kuleta kama 2,880. Tamu. Lakini kwa duka la bei ile ile, odi ya 1.50 maana yake timu ina nafasi ya kama 62 katika 100. Kwa timu zote kumi kushinda pamoja, nafasi inashuka hadi mara moja katika 117. Ukituma mkeka kama huo kila siku, utangoja karibu miezi minne kwa wastani kupata mara moja. Katika miezi hiyo minne utakuwa umetuma 5,850. Utapata 2,880.

Sasa sikiliza hii, maana ndiyo inayotufanya turudi. Kwenye mkeka huo huo wa mechi kumi, nafasi ya kupata tisa na kuchanwa na timu moja ni kama mara sita ya nafasi ya kupata zote. Yaani kwa kila siku utakayoshinda, kuna siku sita utakazosema "timu moja tu imenichoma!" Ukiwa maskani unasikia hadithi hiyo kila wiki na inaonekana kama mtu yuko karibu sana, amebakisha kidogo, wiki ijayo ataipata. Hayuko karibu. Hivyo ndivyo mkeka wa kumi unavyopotea kwa kawaida, na utaendelea kupotea hivyo.

Kama unabeti na unataka hatua moja tu kutoka kwenye somo hili, ichukue hii: punguza mechi kwenye mkeka. Moja ni bora kuliko mbili, mbili ni bora kuliko tano. Utashinda kiasi kidogo, lakini pesa yako itakaa muda mrefu zaidi na utaona kwa macho yako kama kweli unajua mpira au ulikuwa unabahatisha.

Jakpoti tupite haraka. Mei 2017 Samuel Abisai alishinda shilingi milioni 221 kwenye jakpoti ya SportPesa ya mechi 17, na nchi nzima ikasikia. Mechi 17, kila moja ina matokeo matatu, zinatoa michanganyiko 129,140,163. Utasema wewe hubahatishi, unajua. Sawa, tuseme unajua kiasi cha kupata nusu ya kila mechi unazochagua, na huo ni ujuzi mkubwa. Nafasi yako bado ni moja katika 131,072. Ukicheza mara moja kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 2,500. Ukinunua jakpoti, inunue kama unavyonunua soda, kwamba ikiisha imeisha.

Kununua nafuu ndiko kunakoongeza nafasi bila kubahatisha

Watu hutafuta siri kwenye takwimu, kumbe jambo la wazi liko mbele yao: kampuni tatu zinauza mechi ile ile kwa bei tatu. Moja 2.00, nyingine 2.10, nyingine 2.20. Sisi ambao tukienda sokoni tunazunguka vibanda vitatu kwa ajili ya shilingi kumi, tukifika hapa tunanunua kwenye kibanda cha kwanza.

Tuseme umeweka madau 50 ya mia mia, mechi moja moja, na umeshinda 24. Umetumia 5,000. Kwa odi ya 2.00 umerudishiwa 4,800, umepoteza mia mbili. Kwa 2.10 umerudishiwa 5,040, umepata arobaini. Kwa 2.20 umerudishiwa 5,280, umepata mia mbili na themanini. Mtu ni yule yule, mechi ni zile zile, ujuzi ni ule ule. Kilichobadilika ni bei tu. Ndiyo maana mtu anayebeti kwa hesabu anaangalia bei kwanza, timu baadaye.

Kuhusu ujuzi wenyewe, maneno machache. Kampuni hizi zina wataalamu na kompyuta zinazofuatilia ligi kubwa saa zote. Habari uliyoisoma wewe, wao waliisoma kabla yako na tayari imo kwenye odi. Habari inayoweza kukusaidia ni ile mpya, kama vikosi vinavyotangazwa kama saa moja kabla ya mechi, ndiyo maana mkeka wa Alhamisi kwa mechi ya Jumapili unanunuliwa gizani. Na kuna ile timu ya moyoni. Usiweke pesa kwenye timu unayoishangilia, wala dhidi yake. Jicho la shabiki huona penalti hata pale ambapo mchezaji ameteleza mwenyewe.

Bonasi nazo zisome masharti. Ukipewa 500 ya bure ambayo lazima uizungushe mara kadhaa kwenye mikeka ya mechi tatu au zaidi kabla ya kuitoa, rudi juu ukasome tena ile hesabu ya mikeka.

Kodi: inakatwa ukiingia na ukitoka

Kodi ya kubeti imebadilika mara nyingi Kenya kiasi kwamba watu wengi wanatumia hesabu za zamani. Kwa Sheria ya Fedha ya 2025, kuanzia Julai mwaka huo, ushuru ni asilimia 5 ya pesa unayoweka kwenye akaunti ya kubeti. Hapo kabla ulikuwa asilimia 15 ya kila dau. Ile kodi ya asilimia 20 ya ushindi nayo iliondolewa, badala yake hukatwa asilimia 5 ya pesa unayotoa kwenye akaunti kurudi kwenye simu.

Asilimia tano mbili zinaonekana ndogo. Fuata elfu moja yako. Unaiweka, inakatwa 50, inabaki 950. Unabeti mechi moja kwenye duka la 93, kwa wastani inarudi 885. Unaitoa, inakatwa kama 44, inafika kwenye simu kama 841. Hiyo ni mechi moja, bila mkeka. Angalia pia jambo hili: unakatwa ukitoa hata pesa yako mwenyewe ambayo hukuibetia. Kwa hivyo usitumie akaunti ya kubeti kama mahali pa kuhifadhi pesa. Weka kile unachokusudia kukitumia, basi.

Mbwa wa skrini na kindege

Mtu wa Lamu anaweza kukwambia punda yupi ataongoza mbio na kwa nini: umri wake, mguu wake, na nani kampanda. Huko Ngong, Nairobi, ambako farasi wa kweli hukimbia, wapenzi wa mbio husoma uzito aliobeba farasi, hali ya uwanja na mbio zake zilizopita. Panapo kiumbe wa kweli pana kitu cha kujifunza.

Mbio za mbwa na farasi zinazoonyeshwa kwenye skrini za maduka ya kubeti kila baada ya dakika chache ni kitu kingine. Yule mbwa hana miguu. Hana mazoezi, hajala, hajaumia. Mshindi huchaguliwa na programu ya kompyuta kwa kubahatisha, kisha picha inachezwa. Yule jamaa anayeandika kwenye daftari kwamba namba nne haijatoka tangu asubuhi anapoteza kalamu yake, maana kompyuta haikumbuki asubuhi.

Kindege, yaani Aviator, ni hivyo hivyo. Mchezo huo umetengenezwa kurudisha asilimia 97, na ukilinganisha na mechi ya 93 unaweza kudhani ni nafuu. Lakini mechi inachukua dakika tisini, kindege kinachukua sekunde. Ukicheza raundi tatu kwa dakika kwa shilingi ishirini ishirini, ndani ya saa moja umeweka 3,600. Asilimia tatu ya hapo ni shilingi 108, kila saa, hata siku ambayo "kimekubali". Na zile programu zinazouzwa ati zinatabiri kitapasukia wapi, huo ni wizi. Angekuwa anajua, asingekuuzia kwa mia tano.

Kuongeza mara mbili ili kurudisha

Kuna ujanja unaopita mdomo kwa mdomo: ukipoteza mia, weka mia mbili, ukipoteza tena, mia nne, siku utakayoshinda unarudisha zote na mia juu. Ni kweli mpaka siku uliyokosa sita mfululizo. Mia, mia mbili, mia nne, mia nane, 1,600, 3,200: umetoa 6,300, na sasa unatakiwa uweke 6,400 ili upate faida ya mia. Kwa odi ya 2.00 kwenye duka letu la mfano, kukosa sita mfululizo hutokea kama mara moja katika kila mizunguko 43. Ukianza mzunguko mmoja kwa siku, haichukui miezi miwili kwa kawaida. Na ile 6,400 ya mwisho mara nyingi si ya mchezo tena. Ni ya kodi ya nyumba, au ya kumrejeshea mwenye pikipiki.

Wauza mechi za uhakika

Hapa tunazungumza kama watu wanaoshughulika na pesa za simu, kwa hivyo tafadhali isome sehemu hii hata kama hubeti.

Mtu anakutumia ujumbe kwamba ana mechi iliyopangwa. Leo anakupa bure, na inatokea kweli. Wiki ijayo anakupa tena, inatokea tena. Wiki ya tatu anakwambia tuma elfu moja. Vipi alijua? Hakujua. Alianza na namba 900. Watu 300 aliwaambia nyumbani watashinda, 300 sare, 300 wageni. Kundi moja lazima lipatie. Wale 600 anawaacha, hawamwoni tena. Wale 300 anawagawa tena mafungu matatu ya mia mia. Sasa kuna watu 100 wameona kwa macho yao akipatia mara mbili, na kila mmoja anaapa kwamba huyu bwana anajua. Mia hao wakituma elfu elfu, amepata laki moja, na hajui hata timu ina wachezaji wangapi.

Picha za mikeka iliyoshinda anazoweka kwenye makundi ya simu hutengenezwa kwa dakika mbili. Na ukiona malipo yanakwenda kwa namba ya mtu binafsi, jua hapo hakuna kampuni.

Kuna nyingine: "Hongera, umeshinda 75,000. Tuma 1,500 ya kodi ili tukuachilie pesa zako." Kampuni yenye leseni hukata kodi yenyewe kabla pesa haijakufikia. Haikuombi utume kwanza. Wala hakuna mfanyakazi wetu au wao anayehitaji PIN yako, hata kama anajua jina lako lote na namba ya kitambulisho. Ukishatuma, piga simu huduma kwa wateja mara moja, si jioni, kwa sababu tapeli hutoa pesa ndani ya dakika chache na ikishatolewa kuirudisha ni vigumu mno.

Na laini yako usimpe mtu abetie kwa jina lako, hata akiwa mpwa. Kama hajafika 18, umevunja sheria wewe. Kama amefika, ana kitambulisho chake.

Soma taarifa yako ya miamala

Zoezi la mwisho ndilo lenye maana kuliko yote, na halihitaji kujua mpira. Omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu iliyopita. Inakuja kwenye barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Ifungue ukiwa na karatasi. Tafuta kila malipo yaliyokwenda kwa paybill za kubeti, yajumlishe. Tafuta kila pesa iliyorudi kutoka huko, ijumlishe pia. Toa moja kwa nyingine.

Kwa nini tunasisitiza? Tuchukue mfano wa kutunga wa bodaboda anayepakia steji ya Kiembeni. Ukimuuliza, atakwambia mwezi huu amepata: kuna siku alipata 1,900, na nyingine 1,500. Anazikumbuka kwa sababu alinunua nyama. Taarifa inaonyesha alituma mara 41, mara nyingi mia, mia mbili, siku moja mia tano. Jumla 6,150. Zilizorudi ni zile mbili, 3,400. Tofauti ni 2,750. Hakuna siku hata moja aliyopoteza 2,750, ndiyo maana hajawahi kuiona. Ilitoka kidogo kidogo, baina ya abiria na abiria.

Andika pembeni pia saa za kila malipo. Malipo ya saa sita usiku, au matatu ndani ya nusu saa, ni ya mtu anayejaribu kurudisha. Hayo ndiyo ya kuanza kuyakata. Angalia kama siku hiyo hiyo au kesho yake kuna mkopo wa simu. Mtu anaweza kuapa kwamba hakopi ili abeti, na ni kweli: anabeti kwa pesa ya unga, halafu anakopa ili anunue unga. Ada ya mkopo huo ni sehemu ya gharama ya mkeka, iongeze kwenye jumla.

Ukishapata namba yako, weka kiwango cha mwezi kabla mwezi haujaanza, kiasi ambacho kikipotea chote hakuna atakayelala njaa wala mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa karo. Kampuni nyingi za kubeti zina sehemu ya kuweka kikomo cha pesa unazoingiza, na ya kujifungia kwa muda au moja kwa moja. Kikomo kiweke Jumatatu, si Jumamosi saa kumi. Ukishinda, toa pesa siku hiyo hiyo na uihamishie kwenye akiba ya kufungwa, maana salio linalobaki kwenye akaunti ya kubeti ni nadra sana lifike Jumapili.

Ikiwa umejaribu kuacha mara kadhaa na umeshindwa, au kuna deni ambalo nyumbani hawalijui, piga 1199, namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, uzungumze na mshauri. Na kama umeamua kufunga akaunti, toa kwanza salio lililobaki, kisha omba ifungwe kwa maandishi, na ule ujumbe wa uthibitisho usiufute.